Kuamia Bata Mzinga

Saa kumi na moja kasoro alfajiri, na tayari nilikuwa nimechelewa. Kwenye kile kiwanja kidogo cha kokoto, ukingoni mwa Msitu wa Taifa wa Mark Twain kusini mwa Missouri, palikuwa na magari saba mahali panapotosha magari manne. Ndani ya moja mtu alikuwa bado amekaa, mwanga wa simu umempiga usoni, anakunywa kahawa taratibu kama mwenye nyumba. Nilizima taa na kushusha kioo. Kabla sijafungua mlango nikasikia bundi. Kisha wa pili, upande wa pili. Kisha wa tatu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na manyoya.

Kwetu Singida bundi akilia karibu na nyumba, watu huanza kuulizana nani anaumwa. Huku mtu mzima mwenye wajukuu husimama gizani akalia kama bundi kwa makusudi, na jirani yake akamjibu, naye wa ng'ambo akawajibu wote wawili. Sababu ni kwamba jogoo wa bata mzinga wa porini, wakati wa machipuko, hawezi kunyamaza akisikia sauti ya ghafla. Bundi, kunguru, radi, mlango wa gari ukibamizwa, vyote huvijibu akiwa bado juu ya mti alikolala, bila kutaka, kama mtu anavyopiga chafya. Mlio wake si wa kuwika. Ni kama mtu anayesukutua koo kwa haraka sana huku amechekeshwa. Ukiusikia umeshajua amelala wapi, na kazi inayobaki ni kumshawishi akishuka aje kwako.

Asubuhi ile bundi watatu waliita kwa robo saa nzima. Hakujibu mtu.

Nilihamia Missouri kwa sababu ya kazi, na hadi leo kazi yangu ni ya usiku katika ghala la mizigo. Kuwinda nilifundishwa na mzee mmoja wa kazini, mtu wa milima ya Ozark, ambaye hasemi sana, ila akisema amesema. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba zaidi ya asilimia 90 ya ardhi ya jimbo hili ina wenyewe. Asiye na shamba, wala mjomba mwenye shamba, wala pesa ya kukodi, kimbilio lake ni ardhi ya umma. Msitu wa Mark Twain una kama ekari milioni moja na nusu, ni mali ya serikali kuu, na mlango wake hauna mlinzi. Jimbo nalo lina maeneo yake ya hifadhi, na hayo ninayachangia kila siku bila kujua. Tangu wananchi walipopiga kura mwaka 1976, sehemu moja ya nane ya asilimia ya kila ununuzi dukani inakwenda huko. Nikinunua unga na mafuta ya kupikia ya dola nane, senti moja ni ya ndege na samaki. Napenda hesabu hiyo. Inanipa ujasiri wa kuegesha gari langu dogo katikati ya mapikapu yale.

Sheria ni fupi. Msimu wa machipuko unafunguliwa Jumatatu ya tatu ya Aprili na kudumu wiki tatu. Unaruhusiwa madume wawili kwa msimu wote, mmoja tu wiki ya kwanza. Unaanza nusu saa kabla ya jua kuchomoza, na kwenye ardhi ya umma saa saba mchana unafungasha. Hakuna mbwa, hakuna kumwaga mahindi. Aliyezaliwa kuanzia mwaka 1967 anatakiwa awe amepita darasa la usalama wa uwindaji. Nilikaa darasa hilo na watoto wa miaka kumi na mmoja, na wawili walinishinda kwenye mtihani.

Kuna jambo hunifurahisha kila ninapolikumbuka, na ni la Kiswahili tu, huwezi kumsimulia Mmarekani akacheka. Ndege huyu nusura aishe. Mbao za Ozark zilikatwa zikaisha, mifugo ikaachiwa kila mahali, watu wakawinda ili wauze. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1950 Missouri nzima ilibakiwa na ndege wasiofika 2,500. Walijaribu kufuga vifaranga na kuwaachia msituni, lakini ndege wa bandani hawakujua kuishi. Ilibidi kuwakamata wa porini wenyewe na kuwahamishia penye nafasi, na wa porini hashikiki. Dawa ilipatikana mwaka 1951 kule South Carolina: wavu mkubwa unaorushwa kwa mizinga. Ndege wanakula punje, mtu kajificha, anabonyeza, mizinga inalia, wavu unawafunika kundi zima. Kwa hiyo bata mzinga aliokolewa na mzinga. Missouri ilifungua tena uwindaji wa machipuko mwaka 1960, siku tatu tu, wakapatikana ndege 94. Mwaka 2004 walipatikana zaidi ya 60,000.

Jina lake la Kiingereza nalo ni kituko, na kituko hicho kinatuhusu. Karne ya kumi na sita Waingereza walikuwa wakinunua kanga, hawa hawa kanga wetu wa Afrika, kupitia wafanyabiashara wa Kituruki, wakawaita kuku wa Uturuki. Alipoletwa huyu wa Amerika wakambandika jina lile lile, likamganda, kanga akatafutiwa jingine. Hata wanasayansi walichanganya mafaili: bata mzinga ni Meleagris gallopavo, kanga ni Numida meleagris, na Meleagris ni neno la Kigiriki la kanga. Mimi niliyekua nikikimbizana na kanga kwenye mashamba ya mtama nilipoambiwa hivyo niliona kama nimekuta jamaa ugenini.

Lakini ujamaa haukunisaidia mwaka wa kwanza.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kwa kawaida dume hukaa mahali pa wazi, akajitutumua, akafungua mkia kama feni, na majike humfuata yeye. Mwindaji anamtaka afanye kinyume: aache uwanja wake amfuate jike ambaye hamwoni. Ni kama kumwambia bwana harusi aje mwenyewe porini kumtafuta bibi harusi aliyejificha nyuma ya kichaka na hataki kutoka. Unamwita kwa kisanduku cha mbao chenye kifuniko kinachosuguliwa, au kisahani cha jiwe na kijiti, au kipande cha mpira kinachobandikwa kwenye kaakaa. Cha mwisho nilikifanyia mazoezi garini kwa miezi miwili. Mke wangu alianza kupanda basi.

Nilipofika msituni nilikuwa fundi, kwa kweli nilikuwa fundi, na hilo ndilo lililoniponza. Siku ya kwanza nililia. Siku ya pili nikalia zaidi. Siku ya tatu, Jumamosi, jogoo mmoja alijibu kutoka mtini, labda mita mia moja na hamsini mbele yangu, kwenye mgongo wa kilima wenye mialoni mikubwa. Moyo ulinienda mbio nikaona pumzi yangu inatoka kwa mafungu. Nikamwita. Akajibu. Papo hapo jike mwingine akaita kushoto kwangu, kwa sauti ya kisanduku. Mwingine akaita nyuma, kwa mpira, mzuri kuliko mimi. Nami nisikubali kushindwa, nikaongeza. Tuliendelea hivyo majike watatu wenye ndevu, kila mmoja akimzidi mwenzake kelele. Jogoo akajibu mara moja zaidi. Kisha nikasikia mabawa mazito yakikata hewa, akashuka upande wa pili wa kilima, na hakusema tena neno.

Nilibaki nimekaa chini ya mti, na kilichonijia si masikitiko bali harufu. Harufu ya mtama unaoiva. Nikiwa na miaka minane, babu alinipandisha juu ya dungu katikati ya shamba niamie ndege. Anayejua kuamia hahitaji maelezo. Ni kukaa juu ya kile kichanja tangu alfajiri, kupiga debe, kupiga kelele, kurusha udongo kwa teo, ili kweleakwelea na kanga wasitue. Nilikuwa hodari. Babu alikuwa akisema shamba letu ndege walilipitia mbali kwa sababu walishazijua kelele zangu kwa jina.

Sasa nimekuja kuvuka bahari, nimenunua leseni, nimenunua nguo, na ninafanya kazi ile ile. Sisi watatu juu ya kilima kile hatukuwa tunawinda. Tulikuwa tunaamia.

Tangu siku hiyo siamini tena maneno ya watu kwamba bata mzinga wa ardhi ya umma ni mjanja kuliko wa mashamba binafsi. Ni ndege yule yule, na ubongo ule ule mdogo. Tofauti ni kwamba wa msitu wa umma ameshafundishwa, na walimu ni sisi. Jike linaloanza kuita kwenye maegesho ya magari na kupanda kilima likiita kila hatua ishirini, ndege ameshalisikia tangu Jumatatu ya kwanza. Wenzake waliolifuata hawakurudi, au walirudi na marisau mwilini. Hahitaji akili kulikwepa. Yeye mwenyewe huendelea kupenda, ila hupenda kimyakimya.

Mzee wa kazini nilipomsimulia alicheka, jambo la nadra, kisha akaniuliza nilivaa nini. Nikamwonyesha picha. Juu, koti la mabakamabaka. (Nyumbani raia akionekana na mabaka hayo mjini atajieleza kwa wanajeshi, huku yanauzwa hadi ya watoto wachanga.) Chini ya koti, kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya mapenzi, jezi yangu ya Simba, ukosi umetokeza. Mzee akaacha kucheka. Kichwa cha jogoo wa bata mzinga aliyepandwa na mapenzi kina rangi tatu: nyekundu, nyeupe na bluu. Mtu mwenye haraka akiona wekundu au weupe unacheza kwenye kichaka, kidole kinatangulia akili. Kwa hiyo jezi ya Msimbazi haiingii tena msituni, na ndugu zangu wa Jangwani wasifurahi sana, kwa maana mzee hakusifia jezi yoyote.

Aliniongezea mawili. Kaa umeegemea mti mpana kuliko mabega yako, ili anayekuja nyuma asikuone kipande. Na ukimwona mtu, ongea kwa sauti kubwa. Usipunge mkono, usipige mluzi, usimwigie ndege. Ongea kama binadamu.

La pili nililihitaji wiki iliyofuata. Nilikuwa nimeita mara mbili tu, polepole, nikakaa kimya. Baada ya nusu saa nikaona kwenye majani ya mwaka jana kitu kinasogea, chini, kama mita arobaini. Nikaona mkono. Kisha mtutu. Mtu alikuwa anatambaa kwa tumbo kuelekea kwa jike aliyemsikia, na jike mwenyewe ni mimi. Kiingereza kilinitoka chote. Nilipiga kelele, "Oyaa! Ndugu yangu, hapa kuna mtu! Kuna mtu hapa!" Akainuka, uso umemwiva, akaomba msamaha mara nyingi hadi nikaanza kumwonea huruma. Kabla hajaondoka akauliza ile ilikuwa lugha gani. Nikamwambia. Akasema amefurahi kuifahamu.

Nilirudi garini na kukaa dakika nyingi bila kuwasha.

Mwaka wa pili niliacha kusoma ndege nikaanza kusoma watu. Hilo sikuambiwa na mtu, na kama kuna jambo moja la maana katika makala hii ndilo hili. Kila mwindaji siku hizi ana programu ya ramani kwenye simu inayomwonyesha mipaka, vilima, njia za zamani za mbao. Ramani ni moja, kwa hiyo macho yote yanaanguka kwenye mgongo ule ule wa kilima wenye sura nzuri. Miaka ya nyuma ushauri ulikuwa uende mbali na barabara kuliko wengine. Sasa wote wameusoma ushauri huo, na huko mbali, kilomita tatu ndani, unakuta alama za viatu mbichi kama za soko la mnada. Nilianza kuandika kwenye daftari: magari mangapi, siku gani, yanaondoka saa ngapi. Siku ya ufunguzi na Jumamosi ni harusi. Saa tatu asubuhi wengi wameshachoka, wanataka mayai na soseji. Wiki ya tatu wamebaki wachache, nao wamekata tamaa, na ndipo majike wengi wanapokuwa wameanza kuatamia. Jike akikaa kwenye mayai yake kumi na kitu, siku 28, dume anajikuta hana mtu.

Na kuna mahali ambapo hapakuwa na alama ya kiatu hata moja: kipande kilichobanwa kati ya barabara ya lami na kijito, nyuma ya kibao cha msitu chenyewe, dakika nne kutoka kwenye kokoto. Kila mtu alikuwa anakipita akienda mbali.

Alhamisi ya mapumziko yangu, wiki ya tatu, nilifika saa tatu na nusu, wakati gari la mwisho linatoka. Sikulia bundi. Nilipita nyuma ya kibao, nikakuta majani makavu yaliyoparuliwa na miguu ya ndege, pembeni mwa mti wa dogwood uliokuwa umeshaanza kuangusha maua yake meupe. Nikakaa chini ya mwaloni. Nikaita mara moja, vijilio vitatu laini vya jike aliyeridhika, visivyoomba kitu. Kisha nikaweka kijiti chini, mbali na mkono, ili nisijaribiwe.

Kukaa ndiyo kazi. Ndege huyu hanusi chochote cha maana, lakini anaona karibu pande zote za kichwa chake, na rangi anaziona. Kujikuna ni kumuaga. Nami nilikuwa na cha kujikuna: kupe wa Ozark, yule jike mwenye doa jeupe moja mgongoni, alikuwa anapanda juu ya goti langu. Kuumwa naye kunaweza kumfanya mtu asiweze tena kula nyama ya ng'ombe wala mbuzi wala nguruwe, mwili unaikataa kwa sababu ya aina moja ya sukari iliyomo ndani yake. Kwa mtoto wa Singida hiyo si adhabu ndogo. Nilimtazama akipita goti, akipita paja. Nikamwacha. Nyama ya ndege, nilijifariji, sukari hiyo haina.

Saa nne na dakika hamsini nilisikia mvumo. Sikuusikia kwa masikio hasa, niliusikia kifuani, kama lori linalonguruma mlima wa mbali. Ni sauti ya dume anayejitutumua akiwa karibu, na hutolewa bila kufungua mdomo. Dakika kumi sikuona kitu. Kisha shina dogo jeusi, ambalo nilikuwa nimelitazama asubuhi nzima, au nilidhani hivyo, likageuza kichwa.

Alikuja bila sauti. Hatua moja, anasimama. Hatua mbili, anasimama. Jua lilipompiga, ule weusi ukawa shaba, ukawa kijani, ukawa zambarau ya mafuta yaliyomwagika kwenye maji. Utosi wake ulikuwa mweupe kama chaki, mashavu bluu, na chini ya shingo vile vinundu vyekundu vikitikisika. Ndevu zake zilining'inia kifuani kama mswaki wa kupakia rangi. Mita thelathini. Alikuwa anamtafuta jike aliyemwita saa moja na zaidi iliyopita, mara moja tu, na hakusisitiza. Aliponyoosha shingo kuchungulia nyuma ya gogo, nilifyatua.

Kilo kama tisa. Miiba ya nyuma ya miguu ilikuwa imefika sentimita mbili na nusu, kwa hiyo alikuwa na miaka mitatu au zaidi: misimu kadhaa ya bundi wa uongo ameipita, dakika nne kutoka kwenye maegesho, akitusikiliza tukifunga milango ya magari. Nilikaa naye kidogo. Nikamtoa kupe. Nikaikata alama kwenye kibali kama sheria inavyotaka. Taarifa inatakiwa ifike kwa simu kabla ya saa nne usiku, nami nilituma pale pale.

Kwenye kokoto nilikuta pikapu imerudi. Jamaa alikuwa amesahau chupa yake ya chai. Akamwona ndege begani, akapiga mluzi, akaniuliza kwa heshima zote nilimpata upande gani. Nilifundishwa kutosema uongo. Nikanyoosha mkono, "Huko," na mkono ukazunguka taratibu ukafunika nusu ya wilaya.

Wengi huku huchukua kifua tu. Miguu wanasema ni migumu, imejaa mishipa kama waya. Nilimwambia mzee aniachie yake pia. Niliichemsha saa tatu na tangawizi na vitunguu saumu, kama unavyompikia kuku wa kienyeji mzee ambaye hataki, halafu nikaiunga kwa nazi. Jioni nikampigia mama kwa video, nikamwonyesha paja moja limejaza sufuria peke yake, nikamsimulia habari ya jina, kwamba huyu na kanga walichanganywa tangu zamani na wazungu.

Mama alisogeza simu karibu na miwani. Aliangalia sana.

"Huyo kanga," akasema, "mnamlisha nini huko?"